Kisa cha KPFA: wasikilizaji walilipa miaka 50, leseni ikawa ya wengine

Jioni ya tarehe 13 Julai 1999, watu wa Berkeley, California, waliokuwa wamewasha redio KPFA, 94.1 FM, wasikie taarifa ya habari ya saa kumi na mbili walisikia kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi ya msomaji. Mtangazaji Dennis Bernstein alikuwa ametoka kumaliza kipindi chake, uongozi ukamwambia yuko likizo ya lazima atoke jengoni sasa hivi, akagoma, akakimbilia studio ya habari walinzi wakiwa nyuma yake na maikrofoni iko wazi. Zikaingia kelele hewani, msomaji wa habari akawa anawaeleza wasikilizaji kinachotokea palepale mbele ya macho yake, alafu ghafla matangazo yakakatika ikawekwa kanda ya zamani.

Watu hawakusubiri kuambiwa. Walitoka majumbani, wengine kwa gari wengine kwa miguu, wakajaa nje ya jengo la redio pale Martin Luther King Jr. Way, na kabla usiku haujaisha polisi walikuwa wameshakamata watu 50 na ushee, wakiwemo watangazaji wenyewe. Kuanzia hapo redio ikafungwa, wafanyakazi wote nje, mlango unalindwa.

Nimekifuatilia hiki kisa muda mrefu kwasababu kinagusa kitu ambacho watu wengi wanaopenda redio zisizo za biashara hawapendi kukaa chini kukijadili. KPFA ndo kituo cha kwanza Marekani kuendeshwa kwa michango ya wasikilizaji wake, na ilikuwa imelipiwa hivyo kwa miaka 50. Sasa ilikuwaje akapatikana mtu mwenye uwezo wa kuwafungia mlango hao hao waliolipa? Jibu ninavyoliona mimi liko kwenye karatasi za mwaka 1946, kabla hata mtambo haujawashwa, na ili ulione inabidi twende mwanzo.

Mwanzo ni Lewis Hill. Huyu alikuwa kijana aliyekataa kupigana vita vya pili vya dunia kwa sababu ya dhamira yake, akapelekwa kambi ya kazi kama wenzake waliokataa kushika bunduki. Baadaye akafanya kazi ya habari redioni Washington, na huko ndiko alikoona ubovu wa redio za biashara. Hoja yake ilikuwa kwamba mtangazaji wa redio ya biashara analipwa aseme maneno ambayo si yake na hana imani nayo, kwasababu mwenye tangazo ndo bosi wa kweli, na mtu akishazoea kusema asichokiamini hata akisoma habari za maana sauti inakuwa ile ile. Kwahiyo kama unataka mtangazaji awe mtu mzima anayewajibika kwa kauli yake, lazima kwanza ubadilishe anayemlipa.

Mwaka 1946 Hill na wenzake, wengi wao wapinga vita, wakasajili taasisi ya Pacifica. Tarehe 15 Aprili 1949 KPFA ikaingia hewani. Na waliingia FM, kipindi ambacho watu wengi nyumbani walikuwa na redio za AM tu, maana yake hata mtu anayekupenda inabidi kwanza atafute redio nyingine ndo akusikie! Ada ilikuwa dola 10 kwa mwaka. Hesabu ya Hill ilikuwa kwamba ikiwa asilimia 2 tu ya watu wanaoweza kuipata redio hiyo watalipa, kituo kitajiendesha. Hapa naomba tutulie kidogo kwasababu kwenye hii asilimia 2 ndo ilipo akili yote ya mradi. Redio ya biashara inahitaji watu wengi kwa wakati mmoja ili iwauze kwa mwenye tangazo, kwahiyo inalazimika kupiga kile ambacho hakimuudhi mtu. Ukihitaji asilimia 2 tu, unaweza kuweka mjadala wa saa nzima kuhusu falsafa ya Asia, wakazima redio watu 98 kati ya 100, na wale wawili wakakutumia hela kwasababu hawapati kitu hicho mahali pengine popote. Na hao 98 hawajazuiwa chochote, kesho kuna kipindi kingine ambacho wawili wengine watakilipia.

Ilifanya kazi? Ndiyo na hapana. Agosti 1950 pesa ziliisha, kituo kikazima. Mwaka na miezi michache tu! Lakini wasikilizaji wakafanya mikutano, wakachanga, na Mei 1951 KPFA ikarudi hewani, na mwaka huo huo ikapata ruzuku ya dola 150,000 kupitia mfuko wa Ford. Yaani tangu utotoni kabisa redio hii ilikuwa na mikono miwili inayoilisha, michango ya watu wadogo na ruzuku kubwa kutoka juu, na ukisoma historia yake yote utaiona hiyo mikono inavutana.

Ndani nako hakukuwa shwari. Walikuwa watu wa amani ila kwenye vikao walipigana kwelikweli kwa maneno. 1953 Hill akaondoka baada ya mgogoro, 1954 akarudi, na tarehe 1 Agosti 1957, akiwa na miaka 38 na mgonjwa wa muda mrefu, akajiua. Ni jambo zito na sitaki kulipita kama tarehe tu. Mtu aliyeifikiria redio yote ile aliondoka bila kuacha jibu la swali moja, nalo ni redio hii ni ya nani wewe na wenzako mkikosana.

Vipindi lakini vilikuwa vya hali ya juu. Mwanafalsafa Alan Watts akizungumza, mshairi Kenneth Rexroth akichambua vitabu, Pauline Kael akichambua filamu kabla jina lake halijawa kubwa Marekani nzima. Mwaka 1954 walirusha mazungumzo ya watu waliokuwa wanaeleza raha ya bangi na mwanasheria mkuu wa jimbo akaagiza kanda ikamatwe. Pacifica ikaongeza vituo, KPFK Los Angeles mwaka 1959, WBAI New York mwaka 1960 ambayo tajiri mmoja, Louis Schweitzer, aliwapa bure, KPFT Houston mwaka 1970, na WPFW Washington mwaka 1977. Mwaka 1962 WBAI ilimpa maikrofoni aliyekuwa ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, Jack Levine, akaeleza ya ndani ya FBI, na hapo wakaanza kuandamwa, mwaka uliofuata kamati ya Seneti ikawaita kuwahoji kuhusu ukomunisti, Tume ya Mawasiliano FCC ikachelewesha leseni zao mpaka Januari 1964 ilipoamua kuwapa. Houston ndo kabisa, mtambo ulilipuliwa kwa mabomu mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa 1970 na watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi.

Nayataja haya kwasababu moja. Kwa miaka yote hiyo adui alikuwa nje. Serikali, FBI, Seneti, Klan. Na adui akiwa nje watu wa ndani hawasomi katiba yao, wanashikana mikono basi. Wasikilizaji wa Berkeley walikuwa wamezoea kusema "redio yetu" na walikuwa na kila sababu ya kusema hivyo, wamechanga, wamejitolea kupokea simu, wamekaa kwenye kamati. Ila kisheria leseni ya KPFA, kama leseni za vituo vyote vitano, ilikuwa ya taasisi ya Pacifica. Taasisi ni bodi. Na msikilizaji aliyelipa, hata kama alilipa tangu 1949, hakuwa na kura ya kuchagua bodi, alikuwa mchangiaji tu.

Kilichokuwa kinapunguza makali ya jambo hili ni kwamba vituo vyenyewe, kupitia bodi zao za ushauri, vilikuwa vinapeleka wajumbe kwenye bodi kuu. Hiyo ndo kamba pekee iliyokuwa inawaunganisha watu wa chini na wenye leseni.

Februari 1999 kamba ikakatwa. Bodi kuu, mwenyekiti akiwa Mary Frances Berry ambaye wakati huo pia alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani, ilibadilisha kanuni ili wajumbe wa bodi wachaguliwe na bodi yenyewe. Sababu iliyotolewa ilikuwa CPB, lile shirika lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1967 kugawa fedha kwa redio na TV za umma, kwamba linasema mtu wa bodi ya ushauri hawezi pia kuwa kwenye bodi inayotawala, na mkikaidi ruzuku iko hatarini. Sasa mimi hoja hii naikubali nusu. Ni kweli mtu mmoja kushika kofia zote mbili ni tatizo. Lakini dawa ilikuwa rahisi, mjumbe akipelekwa bodi kuu anaachia kiti cha ushauri, mwisho wa habari. Kutoka hapo mpaka "tutajichagua wenyewe" ni safari ndefu ambayo CPB haikuwalazimisha kuifunga.

Haki yao niwape pia. Upande wa Pacifica walikuwa wanasema wasikilizaji wamezeeka, kwamba KPFA haifanani na sura ya eneo lote lile la San Francisco na majirani zake, inahitaji vijana, inahitaji watu weusi na Walatino na Waasia wengi zaidi hewani. Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake na wale waliokuwa wanapinga bodi wangefanya vizuri kulisikia mapema. Shida ni kwamba huwezi kumwambia mtu redio yako inahitaji watu wengi zaidi huku unapunguza idadi ya watu wenye sauti juu yake.

Tarehe 31 Machi 1999 meneja wa KPFA, Nicole Sawaya, ambaye wafanyakazi walikuwa wanampenda, akaambiwa mkataba wake hauongezwi. Hakuna sababu iliyoelezwa ikaeleweka. Hapo moto ukawaka. Uongozi ukakumbusha sheria ya ndani kwamba mtangazaji haruhusiwi kuongelea mambo ya ndani ya kituo hewani, Larry Bensky, mkongwe wa pale, akaiongelea hewani akafukuzwa, mtangazaji mwenzake Robbie Osman naye akafukuzwa. Fikiria redio iliyoanzishwa na Hill, kwa hoja kwamba mtangazaji lazima aseme anachokiamini, inafukuza watangazaji kwa kosa la kuwaambia walipaji hela yao inaendaje.

Alafu ikaja ile barua pepe. Mjumbe mmoja wa bodi, mtu wa biashara ya majengo kutoka Houston, alimwandikia Berry kuhusu uwezekano wa kuuza kituo, KPFA au WBAI, na akaeleza kwamba masafa ya KPFA yanaweza kuuzwa kwa makumi ya mamilioni ya dola. Barua ikaenda kimakosa kwa shirika la wanahabari la Media Alliance, watu walewale waliokuwa wanaipinga bodi. Wakaitisha mkutano na waandishi wakaisoma hadharani.

Kwanini masafa yawe na bei hiyo? Kwasababu KPFA ilipata 94.1 enzi FM haina mwenyewe, na masafa yake yako ndani ya sehemu ya FM inayoruhusiwa biashara, hayako chini kule 88 hadi 92 ambako Marekani imetengea vituo visivyo vya biashara. Kwahiyo kampuni yoyote ya biashara ingeweza kununua na kupiga matangazo kuanzia siku ya pili. Michango ya dola kumi kumi ya watu wa Berkeley ilikuwa imetunza, kwa nusu karne, mali ambayo imegeuka kuwa kiwanja cha bei kali kuliko vyote mjini, na hati haina jina lao.

Bernstein alirusha sehemu ya mkutano ule wa waandishi kwenye kipindi chake. Hilo ndo lilikuwa kosa lake tarehe 13 Julai.

Redio ilifungwa kwa wiki tatu na zaidi kidogo. Hewani zikawa zinapigwa kanda zinazotoka nje ya Berkeley, ndani walinzi, nje mahema. Watu walipiga kambi kabisa kandokando ya jengo. Mwanamuziki Joan Baez akapiga tamasha la kuchangia. Tarehe 31 Julai yakafanyika maandamano ya watu wapatao 10,000, na hebu iweke hii namba akilini, elfu kumi wameacha shughuli zao Jumamosi kwa ajili ya kituo cha redio. Mwanzoni mwa Agosti wafanyakazi wakarudi ndani.

Wengi wakisimulia kisa hiki wanaishia hapo na picha ya maandamano, na ndo maana naona wanakikosa. Maandamano yalifungua mlango ila hayakubadilisha chochote kwenye hati. Agosti 1999 leseni ilikuwa bado ya bodi ileile, inajichagua vilevile. Ushahidi ni kwamba Desemba 2000, karibu na Krismasi, uongozi wa Pacifica ukaenda New York ukabadilisha makufuli ya WBAI usiku na kutimua watu, na mwaka 2001 Democracy Now!, kipindi chenye wasikilizaji wengi kuliko vyote vya Pacifica, kikahama jengo la WBAI.

Kilichoshinda ni vitu viwili vilivyokwenda pamoja. Mahakamani kulikuwa na kesi tatu California, moja ya wasikilizaji, moja ya wajumbe wa bodi za ushauri, moja ya wajumbe wa bodi kuu waliokuwa wachache ndani ya bodi yenyewe. Na mfukoni watu walikuwa wamesitisha michango. Hii ya pili ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika, kwasababu ukigoma kuchangia redio unayoipenda unaweza kuiua, na kulikuwa na wasikilizaji waliogombana na marafiki zao juu ya hilo tu. Walichofanya wengi ni kupeleka hela kwenye mifuko ya pembeni ya kulipia mawakili. Bodi kwa upande wake ilikuwa imetumia mamia ya maelfu ya dola kwa walinzi na mawakili, yaani hela ya wasikilizaji ikipigana na wasikilizaji. Desemba 2001 wakakubaliana nje ya mahakama, ikawekwa bodi ya muda, na mwaka 2003 zikapitishwa kanuni mpya.

Kanuni hizo nakushauri uzitazame kwa karibu kama unahusika na redio ya aina hii. Uanachama ulikuwa mchango wa dola 25 kwa mwaka, au saa tatu za kujitolea kwa asiye na hela. Saa tatu! Mtu wa kipato cha chini aliweza kupanga bahasha kituoni mchana mmoja akawa na kura sawa na daktari. Kila kituo kikawa na bodi ya watu 24, wasikilizaji wakichagua 18 na wafanyakazi 6, na bodi hiyo ikawa inapeleka wajumbe wanne bodi kuu, watatu wa wasikilizaji na mmoja wa wafanyakazi. Kura zilihesabiwa kwa mfumo wa kupanga wagombea kwa upendeleo ili kundi dogo nalo lipate kiti. Kamba iliyokatwa 1999 ikawa imeshonwa ndani ya hati yenyewe.

Alafu yakaja matatizo mapya, na ningekuwa nadanganya nisipoyasema. Uchaguzi wa vituo vitano una gharama kubwa, wapiga kura wanaojitokeza ni wachache, na kila kituo kikapata makundi yake yanayowindana kikao hadi kikao. Bodi ya watu waliochaguliwa kwa ajili ya kupambana haiwi nyepesi kuamua mambo ya hela. WBAI ilikuwa imepanga nafasi ya mnara juu ya Empire State Building kwa kodi isiyobebeka, deni likakua mpaka mahakama mwaka 2017 ikaamuru walipe dola milioni 1.8, ikabidi Pacifica ikope kujiokoa. Oktoba 2019 uongozi wa Pacifica wa wakati huo ukaingia WBAI ghafla, ukawasimamisha wafanyakazi na kuweka vipindi vya kutoka nje.

Miaka 20 baada ya Berkeley, tendo lilelile. Watu wengi walipoona hivyo walisema basi kanuni za 2003 hazikusaidia kitu. Mimi naona tofauti. Mwaka 1999 msikilizaji alikuwa hana pa kusimamia zaidi ya barabarani na ilichukua zaidi ya miaka miwili kufika kwenye makubaliano. Mwaka 2019 wajumbe waliochaguliwa walikwenda mahakamani wakiwa na kanuni mkononi, wakiuliza nani aliidhinisha na kwa kura ngapi, na ndani ya takriban mwezi mmoja watu wa WBAI walikuwa wamerudi hewani.

Huku kwetu tunayo mifano inayofanana kwa mbali. Homa Bay, Kenya, ilikuwa na redio ndogo ya jamii tangu 1982 kwa msaada wa UNESCO, moja ya za kwanza kabisa Afrika, lakini ilikuwa chini ya utangazaji wa serikali, na 1984 serikali ikaizima. Leo redio za jamii ziko nyingi Tanzania na Kenya, na ukikaa na watu wake mazungumzo yote ni ufadhili, umeme, mtambo umeharibika, vijana wa kujitolea wanaondoka. Ni shida za kweli. Ila ukiuliza leseni imeandikwa jina la nani, na huyo akifa au akigombana na wenzake nani anarithi, mara nyingi watu wanatazamana, na mwanakijiji anayeleta kuku wa harambee ya kutengeneza mtambo hajui kama ni mwanachama au ni mfadhili mdogo.

Machi 2020 wanachama wa Pacifica walipigishwa kura ya kubadilisha tena kanuni, kupunguza huo mlolongo wa bodi zinazochaguliwa na kuweka bodi ndogo zaidi. Waliopendekeza walikuwa na hoja nzito za madeni na vikao visivyoisha. Kura zilipohesabiwa, pendekezo likakataliwa.